Manjanja ya Goma: tazama zinki kabla ya miaka ya garanti

Manjanja, yaani mabati ya paa, niliyoezeka Ndosho hapa Goma yalikuja na karatasi ya garanti ya miaka kumi. Mwaka wa nne, saa sita mchana, mke wangu aliniita chumbani nitazame juu. Kando ya misumari mwanga ulikuwa unapenya kwenye vitundu vidogo, kama nyota. Nilirudi dukani na karatasi yangu. Muuzaji akaweka kidole kwenye mstari wa chini: "Papa, soma hapa." Kwa Kifaransa, herufi ndogo kabisa, garanti haikuhusu mahali penye gesi za volkano. Kwa sisi tunaoishi chini ya volkano ya Nyiragongo, karatasi ile haikuwa na kazi tangu siku ya kwanza.

Moshi wa Nyiragongo na volkano jirani ya Nyamulagira una dioksidi ya salfa, pamoja na gesi zenye klorini na florini. Mvua ikipita humo inashuka na asidi. Upepo mara nyingi unausukuma magharibi, kwa hiyo paa la Rusayo au Sake, upande huo, linaumia kuliko la Birere mjini. Kinacholinda chuma ni ngozi ya zinki, na ngozi hiyo inapimika. Bati la Z100 lina zinki gramu 100 kwa mita mraba, pande zote mbili zikijumlishwa: kama mikroni 7 kila upande. Katika hewa ya mji wa kawaida zinki hupungua mikroni moja au mbili kwa mwaka. Kwenye hewa kali ya asidi hupita 4. Piga hesabu mwenyewe.

Mimi nayapanga mabati hivi, kuanzia lililo bora.

Ya kwanza ni alu-zinki iliyopakwa rangi, BG 28 (BG ni namba ya unene wa bati). Ngozi yake ni alumini asilimia 55, iliyobaki karibu yote zinki, na inavumilia kutu mara mbili au zaidi ya zinki tupu yenye unene uleule. Tafuta AZ150, yaani gramu 150 za ngozi hiyo kwa mita mraba, kwenye maandishi yaliyochapwa mgongoni mwa bati. Uliza pia garanti inahusu nini: rangi kupauka ni jambo moja, bati kutoboka ni jingine, na miaka yake si sawa. Kwa hapa Goma mimi nahesabu nusu ya miaka iliyoandikwa. Usiache saruji mbichi igusane nayo, inaila.

Ya pili, vigae vya chuma vyenye chembe za mawe. Garanti yao mara nyingi inafika miaka 50, lakini chini ya chembe mna chuma kilekile. Kama hakina alu-zinki, umenunua sura tu. Vinahitaji mbao nyingi, na chembe za mwanzo zitaingia kwenye tangi lako la maji.

Ya tatu ni bati la zinki tupu, ila liwe Z275, mikroni kama 20 kila upande. Kwa pesa ya wastani ni chaguo la heshima.

BG 32 naiweka mwisho kabisa. Namba ikipanda, unene unashuka. Bonyeza kwa dole gumba utaona linavyobonyea. Kwa kibanda cha muda sawa, kwa nyumba ya watoto hapana.

Vigae vya udongo havioti kutu na vinapita miaka 50, lakini mita mraba moja ina uzito wa kilo 40 au zaidi, wakati bati halifiki 5. Nyumba zetu za mbao juu ya mawe ya lava hazibebi mzigo huo, na tetemeko la Mei 2021 wengi bado tunalikumbuka.

Nilipoezeka upya, fundi alitaka kukata kwa mashine ya cheche. Nilimkatalia. Cheche za moto zinaunguza zinki na chembe zake zinaanza kutu ndani ya wiki; akatumia mkasi wa bati. Misumari tuliichagua ya kofia yenye mpira chini, tukaipiga juu ya mgongo wa wimbi, pasipokaa maji. Majivu yakianguka, wanangu wanayafagia siku ileile, kisha tunaondoa bomba la tangi mpaka mvua mbili za kwanza zioshe paa.