Kiwanja cha Nyasi Bandia cha Kukodi Jijini Dodoma: Tathmini Baada ya Wiki Tatu za Maandalizi ya Msimu

Mwezi Julai klabu yetu ya mtaa, ambayo hucheza ligi ya ngazi ya mkoa, ilikodi kiwanja cha nyasi bandia kilichopo ndani ya Jiji la Dodoma kwa wiki tatu za maandalizi ya msimu, siku nne kila wiki na saa mbili kila siku. Mimi ni mwanachama wa kawaida, si kocha wala kiongozi, lakini nilihudhuria vipindi kumi kati ya kumi na viwili nikiwa nimekaa kwenye mabenchi ya mbao pamoja na mashabiki wenzangu, na kwa kuwa sehemu ya fedha iliyolipwa ilitoka mifukoni mwetu, ninaona ni haki kueleza tulichokipata. Jina la kiwanja nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu nina malalamiko juu ya mwenye kiwanja, naye hayupo hapa kujibu.

Bei ya mchana ilikuwa shilingi 50,000 kwa saa, na ya usiku, taa zikiwa zimewashwa, shilingi 70,000. Tulichagua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa kuwa wachezaji wetu wengi ni madereva wa bodaboda, mafundi na wauzaji wa sokoni ambao hawawezi kupoteza saa za kazi, isipokuwa Jumamosi tulipoanza saa nne. Kwa saa 24 tulikadiria kulipa shilingi 1,200,000, na nitaeleza baadaye kwa nini tulilipa zaidi ya hapo.

Sifa kubwa ya kiwanja hiki ni sakafu yake, na mtu asiyeufahamu mji huu wakati wa kiangazi anaweza kudhani ninatia chumvi. Mvua za Dodoma huwa zimekwisha ifikapo Mei, na hazirudi kwa uhakika hadi Desemba, kwa hiyo maandalizi ya msimu, ambayo kwa desturi huangukia Julai, hutukuta katika wakati ambao ardhi imekauka ikawa kama sakafu ya saruji, upepo unainua vumbi jekundu tangu saa tatu asubuhi, na mbigili zimetapakaa kila mahali. Katika uwanja wetu wa siku zote mazoezi husimama kila baada ya dakika chache ili mtu achomoe mwiba, na mpira mpya haumalizi mwezi kabla haujaanza kuvuja. Hapa hatukupoteza mpira hata mmoja. Pasi ilifika ilikotumwa, jambo ambalo mwanzoni liliwachanganya mabeki wetu waliozoea kusubiri mpira udunde vibaya kwanza ndipo waamue la kufanya. Kufikia wiki ya pili, winga wetu wa kulia, kijana ambaye kwa miaka miwili tumekuwa tukimlaumu kwamba hajui kutuliza mpira, alikuwa anautuliza kwa mguso mmoja. Niliona haya kidogo kwa maneno niliyowahi kumrushia.

Pamoja na hayo, nyasi hizo zimechakaa mahali ambapo uchakavu unaumiza zaidi. Nyasi za aina hii husimamishwa na mchanga pamoja na chembechembe za mpira zinazomwagwa katikati ya nyuzi, na chembechembe hizo huhama kila zinapokanyagwa, hivyo ni lazima zirudishwe kwa kufagiwa mara kwa mara. Mlinzi wa kiwanja, mtu mwenye bidii na heshima, alifanya kazi hiyo Jumatatu pekee. Kufikia Alhamisi mbele ya magoli palikuwa pamebaki zulia tupu, na kipa wetu alimaliza wiki ya kwanza akiwa amechubuka viwiko vyote viwili. Ninawashauri watakaokodi wapeleke fagio lao wenyewe na wafike dakika kumi mapema.

Jambo jingine ni joto. Asubuhi ya Julai hapa ni ya baridi, na wachezaji walikuwa wakianza wakiwa wamevaa masweta, lakini kuanzia saa tano nyasi bandia hupata moto kupita hewa iliyo juu yake, kwa sababu hazina unyevu wa kuzipoza kama nyasi zilizo hai. Jumamosi ya kwanza vijana walilalamika kwamba nyayo zinawaka ndani ya viatu, na kocha akalazimika kukatisha kipindi dakika ishirini kabla ya muda. Njumu zenye meno marefu haziruhusiwi, nami ninakubaliana na katazo hilo, kwa sababu meno marefu huganda kwenye nyasi za namna hii na goti ndilo hulipa. Bahati mbaya ni kwamba hatukuambiwa mapema, na wachezaji wanne walikaa nje siku ya kwanza.

Kwa ukubwa, kiwanja kina takriban mita 60 kwa 40, yaani theluthi moja tu ya uwanja kamili wa mita 105 kwa 68. Ni mahali pazuri pa kufundishia pasi fupi na kukaba kwa pamoja, lakini huwezi kumfundisha beki wa pembeni kupiga krosi ndefu, wala kuwapanga mabeki wanne wakapanda na kushuka kwa umbali watakaoukuta kwenye mechi. Kocha wetu aliliona hilo mapema, akapanga Jumatatu na Jumatano za mbio kwenye mchanga wa korongo, ambalo wakati huu huwa kavu kabisa, na siku nne zilizobaki zikawa za mpira. Korongo ni bure na miguu hufanya kazi kweli kweli.

Mpango huo ndio uliozua mjadala mkali zaidi mabenchini. Mashabiki wengi walitaka vijana wakimbizwe tangu siku ya kwanza mpaka watapike, kwa imani kwamba pumzi hujengwa kwa mateso, wakati kocha aliongeza mzigo polepole, wiki baada ya wiki, akisema kwamba mtu aliyepumzika miezi miwili akibebeshwa mzigo wote kwa siku tatu huishia kukaza msuli wa nyuma ya paja. Mimi nilikuwa upande wa kocha, ingawa nakiri kwamba wiki ya kwanza niliungana na wanaonung'unika. Wiki tatu zilikwisha bila majeraha ya misuli, michubuko ya kipa ikiwa kando.

Siku moja kijana mmoja alisema hatuwezi kuita hii kambi ilhali kila mchezaji analala kwake. "Simba walikwenda Ismailia kule Misri Julai 2024, na mwezi huohuo Yanga wakaenda Afrika Kusini wakaifunga Kaizer Chiefs mabao 4 kwa 0. Maandalizi ni kuhama nyumbani, mzee wangu." Mzee tunayemheshimu kuliko wote pale, ambaye husalimiwa shikamoo hata na mwenyekiti, alimjibu bila kupandisha sauti: "Mjukuu wangu, hao kabla hawajapanda ndege, mmoja ana uwanja wa mazoezi Bunju na mwingine anafanyia mazoezi Avic Town pale Kigamboni. Azam wana Chamazi yao. Sisi tukirudi kutoka hiyo Misri yako, tutarudi kwenye mbigili."

Jibu hilo lilitufikisha kwenye pendekezo ambalo uongozi wetu ulikuwa umelitoa wiki hiyo, la klabu kununua ekari tano upande wa Nala, kwenye barabara iendayo Singida, na kujenga uwanja wake wa mazoezi. Kwa eneo, ekari tano zinatosha, kwani ni zaidi ya mita za mraba 20,000, na uwanja kamili huchukua 7,140 bila kuhesabu pembezoni mwake. Kasoro ilikuwa mpangilio: kwanza ukuta, kisha vyumba vya kubadilishia nguo, kisha jukwaa dogo la mashabiki, na mwisho kabisa nyasi. Wenzangu walishangilia. Mmoja alidai kwamba kwa kuwa Tanzania itaandaa AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, uwanja wetu unaweza kutumiwa na timu ya taifa fulani kwa mazoezi, na ndoto hiyo ilizungumzwa kwa nusu saa nzima huku uji wa ulezi ukipoa vikombeni.

Dada yetu mweka hazina ndiye aliyeuliza maji yatatoka wapi, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa kwa wiki tatu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita za mraba 7,140 ukimwagiliwa milimita tano kwa siku, kiasi ambacho kwa jua na upepo wa hapa si anasa, unahitaji lita 35,700 kila siku, yaani zaidi kidogo ya simtanki saba za lita 5,000 zijazwe na kumwagwa zote kila kunapokucha, na kazi hiyo iendelee tangu Mei hadi mvua za Desemba. Ukoka, ambao huvumilia ukame kuliko nyasi nyingine nyingi, unaweza kuridhika na pungufu ya hapo, lakini uwanja unaokanyagwa siku nne kwa wiki hauwezi kuachwa ulale. Jiji lenyewe linategemea kwa sehemu kubwa visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na sioni namna ambavyo klabu ya mtaa ingelipia ankara ya maji ya bomba kwa kiasi hicho. Kuna kisima kirefu, naam, lakini maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za huku yana chumvi, na ni lazima yapimwe kabla hata ya kulipia ardhi yenyewe. Nyasi bandia zingeondoa tatizo la maji na kuleta lile la joto na la chembechembe, pamoja na gharama ya kulibadilisha zulia likichakaa. Kwa hiyo nilipokaa kwenye lile benchi nikitazama kiwanja cha kukodi, nilianza kukihesabu kwa namna nyingine: shilingi 50,000 kwa saa zilikuwa zinatununulia Julai isiyo na kiangazi.

Huduma ya ofisini ndiyo iliyonivunja moyo. Jumanne ya wiki ya tatu tulifika alfajiri tukakuta bonanza la watumishi wa ofisi fulani limeshaanza, ilhali tulikuwa tumelipa kipindi hicho siku kumi kabla. Msimamizi alisema jina letu halikuandikwa kwenye daftari, akatuhamishia saa mbili za usiku, kisha akadai nyongeza ya shilingi 40,000 kwa sababu ya taa, ingawa kosa halikuwa letu. Katibu alibishana, mwishowe akalipa ili vijana wasikose mazoezi, na hivyo jumla yetu ikafika 1,240,000. Usiku huohuo, dakika ya thelathini na tano, taa zilizimika. Hitilafu haikuwa ya shirika la umeme. Uniti za LUKU ziliisha, na mwenye simu ya kununulia alikuwa amekwenda kula. Tulikaa gizani dakika ishirini na mbili, na hakuna aliyetuongezea muda. Choo kilikosa maji siku tatu. Maji ya kunywa hayatolewi, lakini mama lishe aliye getini ana uji, chapati na mihogo kwa bei ya kawaida, naye hukopesha kwa uso anaoufahamu.

Kwa sakafu ninakipa alama nane kati ya kumi, kwa ukubwa tano, na kwa huduma tatu. Kwa timu inayohitaji mechi za jioni za wachezaji saba kwa saba kinatosha kabisa. Kwa maandalizi ya msimu kinafaa endapo kocha atakuwa na mahali pengine pa kufanyia mbio na angalau siku moja kwa wiki ya uwanja kamili.

Katika mkutano wa mwisho wa Julai wanachama waliahirisha ujenzi wa ukuta na kukubaliana kwamba fedha ya kwanza itakwenda kwa mpimaji wa maji ardhini. Kiwanja tumekikodi tena kwa Julai ijayo, na safari hii mweka hazina alikataa kuondoka pale ofisini mpaka alipoandikiwa risiti yenye tarehe zote kumi na mbili, saa ya kuanza, na sentensi moja chini yake kwamba umeme ni juu ya mwenye kiwanja.