Chupa ya dhahabu 40 imeniharibia kijitabu kizima

Nyota moja. Natangulia kusema ili asiye na muda aondoke na jibu lake. Nimenunua kijitabu cha vifaa vya kialkemia kilichotungwa na shabiki kwa ajili ya mchezo wa mezani wa kuigiza unaoamuliwa kwa dadu, Dungeons & Dragons, kwa kanuni za 2014. Ndani yake mna vifaa vya kuridhisha, na vingine ni vizuri kweli. Ila kuna chupa moja, Pumzi ya Barafu, na hiyo ndiyo imenifanya niandike nikiwa na hasira.

Maelezo yake hayafiki hata aya. Unairusha hadi futi 30, inapasuka, na kila kiumbe aliye ndani ya futi 10 anarusha dadu ya pande 20 kujinusuru kwa Uimara (ustahimilivu wa mwili), kiwango 15, yaani dadu na nyongeza yake vifike 15. Akishindwa anapooza dakika moja. Bei ni vipande 40 vya dhahabu. Basi, imeishia hapo. Hakuna kurusha tena mwisho wa zamu, hakuna aina ya kiumbe inayosalimika.

Dakika moja kwenye mapigano ni mizunguko 10. Aliyepooza hatendi, hasogei, anayemshambulia ana faida (anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa), na pigo lolote linalompata kutoka ndani ya futi 5 linahesabiwa kuwa pigo la dadu maradufu. Chukua zimwi wa kawaida, mwenye pointi 59 za uhai na Uimara wa +3. Kwa kiwango 15 anashindwa akipata 11 au chini yake, yaani asilimia 55. Mwizi wa ngazi ya 3 mwenye upanga mfupi na shambulio lake la kuvizia anarusha 6d6 (dadu sita za pande sita) na kuongeza 3, wastani 24, kwa pigo moja. Wenzake watatu wanamalizia kabla zimwi hajapata zamu ya pili. Pambano lililotakiwa kuitoa jasho timu ya ngazi hiyo limegeuka kuchinja mnyama aliyefungwa kamba.

Kuna watakaosema zimwi ni mdogo, chupa haitawasumbua wakubwa. Mpime joka jekundu kijana basi: pointi 178, na anajinusuru kwa Uimara wa +9. Anashindwa kwa 5 au chini yake, asilimia 25. Inaonekana ndogo. Wape wachezaji wanne chupa moja moja, jumla dhahabu 160, na uwezekano wa angalau moja kumnasa ndani ya mzunguko mmoja unafika asilimia 68. Akiwa angani anaporomoka, 1d6 kwa kila futi 10, halafu analala chini anasubiri kukatwa. Uchawi unaofanya kazi kama hiyo kwa kiumbe yeyote isipokuwa wafu wanaotembea ni wa daraja la 5 la uchawi. Mchawi mwenyewe anaupata akifika ngazi ya 9, kwa kawaida unamlenga mmoja tu, unamlazimu kushikilia umakini, na aliyenaswa anajaribu kujinasua kila mwisho wa zamu. Chupa ya dhahabu 40 inaupita uchawi huo kwa vipimo vyote hivyo, na inaweza kurushwa na yeyote mwenye mkono.

Nilimwandikia mtunzi nikamwekea hesabu hizo hizo, kwa heshima, bila neno la dharau. Akajibu: "Kwenye meza yangu hakuna aliyelalamika. Kama humudu kusimamia mchezo, usilaumu kitabu." Ni hayo tu. Hakugusa hata namba moja. Unachukua pesa za watu, halafu anayekuonyesha shimo unamwambia hajui kutembea! Kazi ya kupima ndiyo hasa tunayoilipia. Kubuni jina na kuchora chupa ya bluu kila mtu anaweza.

Na kuipima si kazi ngumu. Unaanza na ngazi ya bei iliyopo tayari kwenye kanuni za 2014. Asidi ni dhahabu 25, inarushwa futi 20, inatoa 2d6, wastani 7, mara moja. Moto wa mwanaalkemia ni dhahabu 50 na unatoa 1d4 kila mwanzo wa zamu ya aliyewaka, mpaka atumie tendo lake kuuzima kwa kupata 10 ya Wepesi. Angalia akili iliyomo humo: moto hauchukui zamu ya adui, unampa uchaguzi, aungue au apoteze tendo. Ndipo ulipo mpaka wa vifaa vya bei hii. Vinaumiza kidogo, au vinamlazimisha adui achague. Havimnyang'anyi mchezo.

Pumzi ya Barafu ingeandikwa hivi na ingeuzika. Bei 50. Tendo moja, futi 20, kiumbe mmoja asiyezidi ukubwa wa farasi. Uimara, kiwango 12. Akishindwa anapata 1d6 ya baridi, mwendo unapungua futi 10, na hawezi kutenda nje ya zamu yake mpaka mwisho wa zamu yake inayofuata. Akishindwa kwa 5 au zaidi, mwendo unakuwa sifuri kwa muda huo huo. Aliyejinusuru hadhuriwi na chupa ya aina hii kwa saa 24. Zimwi yule yule sasa anashindwa kwa asilimia 40, na anagandishwa miguu kwa asilimia 20, huku mikono yake ikiendelea kupiga. Hicho ni kifaa cha kumwokoa mwenzako anayekimbia, na kina ladha ile ile ya barafu aliyoitaka mtunzi.

Ile saa 24 ndiyo kifungu ambacho watunzi wengi wanakisahau. Bila hiyo, wachezaji hawaulizi chupa ina nguvu gani, wanauliza wabebe ngapi. Kila athari ya kudhibiti inayonunulika dukani lazima iwe na mlango wa kuizima isirudiwe, ama sivyo unapima chupa moja huku wao wanarusha nne.

Kiwango nacho kiwe namba iliyoandikwa. Ukikifunga kwenye Akili ya aliyeichemsha, mwanaalkemia wa ngazi ya 1 mwenye Akili 16 anatoa 13, na wa ngazi ya 9 mwenye Akili 20 anatoa 17, kwa bei ile ile. Najua kanuni za 2024 zimefunga asidi na moto kwenye Wepesi wa mrushaji. Kwa madhara matupu sina ubishi. Kwa kudhibiti sikubali.

Kisha utengenezaji. Kanuni za 2014 zinasema malighafi ni nusu ya bei, na kazi inasonga dhahabu 5 kwa siku. Chupa ya 40 ni dhahabu 20 na siku 8; mwezi mzima unatoa tatu. Kijitabu hiki kinaruhusu chupa moja kila pumziko refu! Yaani mwenye vifaa vya alkemia anaamka kila asubuhi na kupooza kwa mfukoni.

Nitende haki. Kopo la Moshi, kurasa chache mbele, limetungwa vizuri mno. Dhahabu 30, duara la futi 10, giza zito mpaka mwanzo wa zamu inayofuata ya mrushaji, upepo unalifuta. Uzuri wake ni kwamba linamgharimu anayelitumia pia. Mliomo ndani hamwonani, faida na hasara zinafutana, mchawi wenu naye hawezi kumlenga asiyemwona. Linabadilisha uwanja bila kuamua mshindi. Gundi ya Mlango na Wino wa Usiku zimefuata busara hiyo hiyo. Mtu aliyeandika kurasa hizo anajua kazi, na kwa hizo nilikuwa nimeshapandisha nyota kuwa tatu.

Lakini ndiyo inayonikera zaidi. Anajua, kisha hakupima, na alipoonyeshwa akatukana. Pumzi ya Barafu bado iko vile vile kwenye faili linalouzwa leo, na msimamizi mgeni ataipitisha kwa kuwa imekaa ubavuni mwa Kopo la Moshi. Inabaki nyota moja. Asiyepokea masahihisho hauzi kanuni, anauza rasimu.

Kama umeshanunua, usikitupe. Futa ukurasa wa Pumzi ya Barafu au weka toleo la hapo juu, badilisha "kila pumziko refu" kuwa dhahabu 5 kwa siku, na kila kifaa chenye neno "anapooza" au "anazimia" ukijaribu kwanza dhidi ya maadui wa namna tatu: goblini sita wa pointi 7 kila mmoja, zimwi mmoja, na mchawi mmoja aliyesimama mbali. Weka chupa nne mikononi mwa wachezaji, usiweke moja. Pambano likiisha kabla adui hajapata zamu ya pili, kifaa hicho hakijaiva.