Reflekta mbili za boda, moja pambo tu

Wadau wa boda Mwanza nimenunua reflekta mbili mwaka huu, acha niwape mrejesho msije mkapigwa kama mimi.

Ya kwanza nilichukua mitaa ya Makoroboi 5,000, njano kali, mistari ya fedha inang'aa kama kioo cha saluni, mgongoni wameandika TAFAKARI, nikajiona nimeokota. Wiki haijaisha narudi usiku kutoka Buhongwa lori likanipita nusura linikwangue, dereva akasimama mbele ananiambia kaka huonekani kabisa. Nabisha, si nimevaa reflekta?

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu, yuko sekondari. Akasema anko, kuakisi kuko kwa namna nyingi. Si unajua watoto wanavyochezea kipande cha kioo juani, anakishika huyu anayeumia macho jirani, sasa mistari yako ndo iko hivyo, taa za lori zikiipiga kwa pembeni mwanga unatokea upande wa pili unaishia kwenye majani. Reflekta yenyewe ina vishanga vya kioo vidogo mno kama unga, mwanga ukiingia unageuzwa unarudi kulekule ulikotoka, na dereva kichwa chake kiko karibu na taa zake kwahiyo anakuona.

Tukajaribu uani umeme umekatika. Unawasha tochi ya simu unaishikia shavuni karibu na jicho, unarudi hatua kama kumi. Ya 5,000 kijivu kimya. Nikaenda duka lingine na tochi yangu, muuzaji ananishangaa, nikatoka na ya 15,000, hiyo ukiipiga tochi mistari inawaka nyeupe mpaka unafumba jicho. Hiyo njano msiifuate sana, inasaidia mchana, usiku kazi ni ya mistari. Mvua ikikolea mng'ao unapungua, na ukisugua na brashi vishanga vinabanduka.

Ya 15,000 naipa nane kwa kumi, mbili nimekata sababu zipu imeshakufa na mfuko hauingii simu.

Dogo anasema kwa Kiingereza kuakisi na kutafakari ni neno hilohilo moja, basi ile ya kwanza nusu ya kazi ilifanya, maana nimetafakari 5,000 yangu sana tu. Sasa hivi iko Magu kwa mama, kaitundika kwenye mpunga, jua likiipiga ndege wote wanaruka.