Filta ya darubini juu ya paa la Sinza

Kwa mwenye haraka: filta ya kuzuia mwanga wa taa za mtaani inafanya kazi. Kilichonitoa jasho ni kuifunga.

Napigia picha za anga juu ya paa la nyumba yetu, Sinza, Dar es Salaam. Kushoto kuna baa, kulia ukumbi wa harusi, mbele kituo cha mafuta ambacho taa zake hazizimwi hadi kunakucha. Kamera ni ZWO ASI533MC Pro ya rangi, na darubini ni ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 72. Bila filta, picha ya dakika mbili ilikuwa inatoka imefifia kama chai ya maziwa mengi. Umeme ukikatika mtaa mzima majirani wanalalamika, mimi napanda ngazi mbio na betri ya gari begani.

Nilichonunua ni filta ya inchi mbili inayopitisha mwanga wa aina mbili tu: ule mwekundu wa haidrojeni, nanomita 656.3, na ule wa oksijeni, nanomita 500.7. Mwingine karibu wote unaishia mlangoni. Filta za zamani zilikuwa zinazuia hasa taa za manjano za sodiamu, na zamani zilitosha. Siku hizi mtaa umejaa taa za LED, na hizo zinamwaga rangi zote kwa pamoja, hivyo hazizuiliki kirahisi. Shemeji alinibebea kutoka Dubai, ikanitoka karibu laki sita.

Mwanzoni niliifunga moja kwa moja kwenye mdomo wa ile lenzi ndogo inayosawazisha picha mbele ya kamera. Hesi zilikubali vizuri, nikafurahi. Usiku huohuo nilitaka kupiga fungu la nyota la Omega Centauri, ambalo halihitaji filta hii kabisa (nyota zinatoa mwanga wa kila rangi, ukiufunga unajinyima mwenyewe), na filta ikagoma kutoka. Nilivyozidi kuibana kwa vidole ndivyo ilivyozidi kung'ang'ania. Iliyoniokoa ni kipande cha tyubu ya baiskeli: kizungushe pande zote, shika kwa wepesi, zungusha taratibu. Ilitoka, ila ilikuwa na alama ya dole gumba langu katikati ya kioo, na kamera ikawa imekaa wazi muda wote ikila vumbi.

Nikaagiza droo ya filta. Unavuta kitrei, unabadilisha, unarudisha, kamera haiguswi. Lakini hapa ndipo nilipofanya ujinga wa wiki mbili. Lenzi yangu ya kusawazisha inataka milimita 55 kutoka mgongoni mwake hadi kwenye kihisi cha kamera. Kamera yenyewe ina 17.5, pete moja ya kujazia nafasi 16.5, pete nyingine 21, jumla 55. Droo nayo ina unene wa 21. Mimi nikaiongeza juu ya zote, nikapata 76, halafu nikashangaa kwa nini nyota za pembeni zimekuwa punje za mchele. Nililaumu lenzi, nikalaumu hata upepo wa bahari. Kumbe droo inachukua nafasi ya ile pete ya 21.

Halafu kuna hesabu ndogo ambayo maelezo ya kwenye boksi hayakuitaja. Kioo cha filta kinasogeza mahali picha inapokusanyika kwa karibu theluthi ya unene wake. Changu ni milimita 2, kwa hiyo 55 inakuwa kama 55.7. Nimeweka vipete vyembamba vya plastiki kufidia. Kihisi changu ni kidogo, tofauti niliiona kwa kukodoa macho. Mwenye kihisi kikubwa asiipuuze.

Kila ukibadilisha filta, rekebisha fokasi upya, na upige tena picha za kuondoa kivuli cha vumbi. Mimi natumia fulana nyeupe iliyovutwa juu ya mdomo wa darubini kukipambazuka.

Matokeo? Mwezi wa saba, wingu la gesi la Lagoon (M8) linapita karibu na utosi mnamo saa tano usiku. Nilipiga picha 40 za dakika tatu tatu, na lile wingu la haidrojeni likatokea jekundu, na ule mfereji mweusi wa vumbi ukilikata katikati. Ukumbi wa harusi ulikuwa unapiga taarabu na taa zote zimewashwa. Mke wangu aliuliza nimeidaunilodi wapi.

Kasoro moja imebaki. Kwenye picha za Carina, wingu jingine la gesi, nyota zinazong'aa sana zina duara hafifu la mwanga pembeni. Niligeuza filta ili upande unaong'aa kama kioo cha kujitazamia uelekee angani. Duara likapungua, halikwisha. Kwa hilo, kwenye alama ya nyota tano nakata moja, nabakiza nne. Ikitoka kwenye droo inalala kwenye kopo lenye vifuko vya silika, maana huku pwani kioo kinaota ukungu kama mkate.