Kompyuta ya Zamani kwa Michezo ya Zamani: Ipi Ununue Lubumbashi, Ipi Uiache Kwa Muuzaji

Anza na michezo, mashine ifuate. Kabla hujauliza bei, andika kwenye karatasi michezo mitano unayotamani kuicheza tena. Anayetaka Prince of Persia na Doom, ile iliyotoka Desemba 1993, anahitaji mashine inayoelewana vizuri na DOS, mfumo wa amri za maandishi uliotangulia Windows. Anayetaka StarCraft, FIFA 98 na Age of Empires II anahitaji Windows 98 na kadi ya picha yenye nguvu kidogo. Anayetaka GTA Vice City anahitaji kitu cha mwaka 2003 hivi. Hakuna mashine moja inayoyafanya yote hayo vizuri, ila ipo moja inayokaribia, na ndiyo niliyoiweka ya kwanza.

Mpangilio huu ni wa mnunuzi wa Lubumbashi: mtu anayepekua biloko, yaani vitu vilivyotumika, vya Ulaya mjini na kule soko la mtaa wetu wa Kenya, au anayeagiza mzigo upitie mpaka wa Kasumbalesa, na anayecheza kwa umeme unaokuja na kuondoka. Mtu wa Brussels angepanga vingine kabisa.

Kuhusu bei, kipimo changu ni hiki: uliza kwanza kompyuta ya ofisi iliyotumika, inayofaa kwa kazi za leo, inauzwaje hapohapo. Mashine ya miaka ya 1990 isizidi nusu ya bei hiyo. Muuzaji atakuambia, "Yaya, hii ni ya zamani, haitoke tena." Ni kweli haitengenezwi tena, lakini na wanunuzi wake ni wachache, na yeye anajua hivyo.

Ya kwanza: Pentium III ya ofisi yenye tundu la ISA

Tafuta sanduku la ofisi la kati ya 1998 na 2001. Dell OptiPlex GX1, Compaq Deskpro EN, na zile za HP na IBM za rika hilo. Zilitengenezwa kwa kazi ya kila siku, chuma chake ni kizito, na ndani kila kitu kinafikika kwa mkono. Unachokitafuta humo ni chipseti (chipu zinazouendesha ubao mama) ya Intel 440BX, iliyotoka mwaka 1998. Ubao mama wa chipseti hiyo una tundu la AGP kwa ajili ya kadi ya picha, na mara nyingi una ISA pia, yale matundu marefu meusi ya kizamani ya kuchomekea kadi. Intel ilipohamia kwenye chipseti ya 810, ISA ilianza kutoweka, na 810 yenyewe haina hata tundu la AGP. Kwa hiyo usinunue kwa kusoma karatasi ya Pentium III iliyobandikwa mbele. Fungua kifuniko uangalie matundu kwa macho yako.

Kwa nini ning'ang'anie ISA? Mchezo wa DOS hauna draiva, ile programu ya kuendesha kifaa, ya kuusaidia. Mchezo wenyewe huzungumza na kadi ya sauti moja kwa moja, kwenye anwani 220, kwa kawaida IRQ 5 au 7 na DMA 1, yaani namba za njia za mawasiliano za kadi. Kadi ya ISA hujibu hapohapo. Kadi ya PCI, aina ya tundu iliyofuata ISA, inabidi ijifanye kuwa ya ISA, na kuna michezo inayobaki bubu mbele yake. Sound Blaster 16, ambayo ilianza kuuzwa 1992, ni chaguo salama, lakini usizidharau kadi za bei ndogo zenye chipu ya ESS 1868 au Yamaha YMF719. Hiyo ya Yamaha ina OPL3, chipu ya kuunda muziki, halisi ndani yake, na muziki wa michezo mingi ya mwanzo wa miaka ya 1990 ulitungwa kwa ajili ya chipu za ukoo huo. Ukiusikia kupitia OPL3 unasikia kile mtunzi alichokisikia mezani kwake, na kwangu hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu atafute mashine halisi.

Mashine hii ina dosari ya mwendo. Ina kasi kupita kiasi kwa michezo ya mwanzo kabisa. Baadhi ya programu zilizoandikwa kwa Borland Pascal hukataa kuanza na kuandika kosa namba 200, kwa sababu hesabu yao ya kupima mwendo inavurugika kwenye prosesa ya zaidi ya megahezi 200 hivi. Nyingine zinaanza, lakini wahusika wanakimbia mno hata huwezi kuwafuata. Ingia kwenye BIOS, programu ya mipangilio inayotangulia mfumo, uzime kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi) ya prosesa: Pentium III itashuka hadi karibu na mwendo wa 386, prosesa ya vizazi vya nyuma. Ukimaliza kucheza, iwashe tena.

RAM ya megabaiti 256 inatosha. Usijaze zaidi ya 512, maana Windows 98 huanza kusumbua na inaweza kukataa kuwaka. Kadi ya picha: GeForce2 MX, au TNT2 ukikosa. Chukua isiyo na feni kama ipo, kwa sababu vumbi jekundu la kiangazi chetu huzimaliza feni ndogo upesi. Kama sanduku lina kadi ya Voodoo ndani, chukua na ushukuru, lakini usiongeze pesa nyingi kwa ajili yake. Kampuni ya 3dfx iliyozitengeneza ilitangaza Desemba 2000 kuuza mali zake kwa Nvidia, na siku hizi wakusanyaji wa dunia nzima wamezipandisha bei kadi hizo. Michezo mingi iliyozitumia inakubali pia Direct3D au OpenGL, njia za picha zinazoeleweka na kadi nyingine.

Onyo moja kuhusu Dell za miaka hiyo ya mwisho ya 1990. Pawa saplai yake inatumia plagi inayofanana kabisa na ya ATX ya kawaida, lakini nyaya zimepangwa tofauti. Ukichomeka pawa saplai ya kawaida itaingia vizuri, na unaweza kuunguza ubao mama. Kwa GX1, hakikisha pawa saplai ya asili ni nzima kabla ya kulipa.

Umeme kwanza, mengine baadaye

Sehemu hii inahusu kila mashine katika mwongozo huu, na ningependa isomwe hata na asiyesoma kitu kingine.

Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu, 115 au 230. Mashine iliyopitia Marekani inaweza kuwa imeachwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa volti 220, utasikia mlipuko na biashara imekwisha. Angalia swichi kabla ya waya.

Baada ya hapo, nunua stabilizata, na ukiweza, onduleri (UPS, yenye betri ya akiba). Mchezo ukizimika katikati si hasara kubwa. Kinachoharibika ni diski. Windows 98 hutumia mpangilio wa faili wa FAT32, na umeme ukikatika wakati inaandika, faili zinabaki nusunusu. Ndiyo maana ScanDisk, programu yake ya kukagua diski, hujitokeza kila mara baada ya giza. Diski za miaka ile zenyewe zimechoka, nyingi zina mlio unaokuambia siku zake zimehesabiwa. Ushauri wangu ni kuiondoa diski kuu na kuweka kadi ya CompactFlash kwa adapta ya IDE, kiunganishi cha diski za wakati huo. CompactFlash inaelewa lugha ya IDE yenyewe, ndiyo maana adapta ni ya bei ndogo, haina chochote ndani zaidi ya njia za waya. Kadi haipigi kelele, haiogopi kutikiswa kwenye lori, na unaweza kuichomoa ukahifadhi nakala ya mfumo mzima kwenye kompyuta nyingine. Gigabaiti 8 zinatosha kwa michezo mingi kuliko muda ulio nao.

Kisha angalia kapasita. Ni vile vimikebe vilivyosimama kuzunguka prosesa. Kichwa chake kiwe bapa. Kikivimba au kikitoa uchafu wa kahawia, fundi mzuri anaweza kuvibadilisha, lakini gharama hiyo itoke kwenye bei ya muuzaji. Kwenye mbao za zamani zaidi utaona pia vidogo vya njano au vya machungwa, kama tone. Hivyo ni vya tantalumu, chuma kinachotoka kwenye koltani, ile inayochimbwa Manono na Kivu. Vikizeeka huweza kufunga mzunguko na kupasuka mara ya kwanza unapowasha, basi usiiname juu ya sanduku lililo wazi wakati huo.

Ya pili: Pentium 4 ya mwanzo

Hizi ndizo utakazoziona nyingi zaidi, na kwa mtu ambaye karatasi yake haina mchezo hata mmoja wa DOS, nazipendekeza bila wasiwasi. OptiPlex GX260 ya 2002, yenye chipseti 845G, ina tundu la AGP, ina draiva za Windows 98, na inakubali Windows XP. Weka GeForce4 MX au FX 5200 humo na utacheza kuanzia Half-Life ya 1998 hadi Vice City. Usipite mwaka 2003. Kuanzia chipseti 915 ya 2004, Windows 98 haina tena draiva. Na GX270 iangalie mara mbili, kwa sababu kapasita zake zilivimba kwa wingi duniani kote.

Hesabu pia joto. Pentium III ya gigahezi 1 hula wati 30 hivi. Pentium 4 ya gigahezi 2.8 hukaribia 70. Kwa jenereta au betri, tofauti hiyo unailipa wewe.

Ya tatu, kwa wenye sola

Kuna visanduku vidogo vya HP na Wyse vilivyokuwa vikitumika ofisini kwa kuunganishwa na seva. Havina feni, diski yao ni ya flashi, na ndani mara nyingi kuna prosesa ya VIA, Transmeta au AMD Geode. Wauzaji wengi hawajui vinatumika kwa nini, kwa hiyo vinaweza kupatikana kwa pesa ndogo. Vingi hupokea volti 12 kutoka kwenye adapta. Usivichomeke moja kwa moja kwenye betri ya sola, maana wakati wa kuchaji inapanda kupita volti 14. Weka kirekebishi cha volti katikati. Sauti ya DOS ni dhaifu, ila StarCraft itatembea usiku kucha mtaa mzima ukiwa gizani.

Ya nne: laptopu

ThinkPad za T20 hadi T23, au Latitude za mfululizo wa C. Ubora wake ni uimara na kwamba skrini iko tayari. Ubaya wake: betri imekufa, kadi ya picha haibadilishwi, na mchezo wa 640 kwa 480 huonekana ndani ya kisanduku kidogo au ukiwa umevutwa hadi kuwa na ukungu. Nunua kama huna nafasi ya meza.

Ya tano: 486 na Pentium MMX

Moyo wangu uko hapa, na bado naziweka mwisho. Ndizo mashine zinazocheza DOS kwa mwendo wake halisi. Lakini mbao nyingi za 386 na 486 zina betri ya nikeli na kadimiamu iliyochomelewa, na betri hiyo ikivuja hula njia za shaba taratibu. Ukiona ukijani au unga mweupe karibu nayo, acha, isipokuwa uwe na fundi mvumilivu: betri ikatwe, pasafishwe kwa siki, kisha kwa spiriti, kisha njia zilizokatika ziungwe moja moja. Plagi mbili za umeme za AT, muundo uliotangulia ATX, lazima ziingizwe nyaya nyeusi zikikutana katikati. Ukizigeuza umeua ubao. BIOS nyingi za wakati huo hazioni diski iliyozidi megabaiti 504. Na prosesa zake za kauri hutafutwa na wavunjaji wa kompyuta chakavu kwa ajili ya dhahabu, hivyo utakuta masanduku mazuri yenye soketi tupu.

Kioo na kibodi

Kioo cha CRT, kile kinene cha kizamani, bado ndicho bora, kwa sababu kinaonyesha kila kipimo cha picha bila kukivuta. Kibebe uso wake ukielekea kifuani, uzito mwingi uko kwenye kioo cha mbele. Usikifungue kamwe: ndani kuna zaidi ya volti 20,000, na zinaweza kubaki hata kikiwa kimezimwa. Ukikikosa, chukua skrini bapa ya mraba ya inchi 15.

Kibodi zinazotoka Ubelgiji ni za AZERTY, na DOS hudhani ni ya Kimarekani: unabonyeza A, inatoka Q. Mstari wa KEYB BE kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri za kuwashia DOS, hurekebisha hilo unapoandika. Ndani ya michezo mingi, kitufe husomwa kwa mahali pake, basi mchezo ukitaka Q, bonyeza A. Na usichomoe kibodi ya PS/2 mashine ikiwaka, unaweza kuua fyuzi ndogo ya kwenye ubao.

Kama bado unasitasita

DOSBox, programu inayoigiza mashine ya DOS, ni ya bure tangu 2002 na inafanya kazi kwenye kompyuta uliyo nayo. Icheze ile michezo mitano humo kwanza. Ikiwa baada ya wiki chache miwili tu ndiyo unaifungua, umejua ni mashine ya mwaka gani ya kutafuta.

Siku ya kununua, nenda na betri mpya ya CR2032 na CD inayowaka yenyewe, ya FreeDOS (DOS ya bure) au Windows 98 SE. Angalia swichi ya volti, fungua kifuniko, tazama kapasita na matundu, badilisha betri, ndipo uwashe. Iache iwake muda wa kutosha mashine ipate joto, maana pawa saplai mbovu hujificha ikiwa baridi. Muuzaji akikataa uwashe, mpe bei ya vipuri tu, au ondoka.