Magamba kichwani: soriasisi au mapunye?

Kwenye saluni za Kirumba na Igoma, jijini Mwanza, karibu kila gamba la kichwani huitwa fangasi. Mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye magamba, hupaka dawa isiyomfaa miezi mingi, na watu wanamkwepa bure, maana soriasisi haiambukizi kabisa. Hilo linaniuma.

Mapunye, yaani fangasi ya kichwani, hupata zaidi watoto. Nywele hukatika, zikiacha upara wenye vidoadoa vyeusi, na tezi za kisogoni huweza kuvimba. Huambukizwa kwa mashine ya kunyolea, kitana au kofia.

Soriasisi hutokana na kinga ya mwili kuchochea seli za ngozi zizaliane haraka kupita kiasi. Magamba yake ni mazito, meupe ya kung'aa, yenye mpaka unaoonekana, na mara nyingi huvuka nywele hadi kwenye paji na nyuma ya masikio. Kwa sisi weusi, ngozi iliyo chini yake huwa ya zambarau au kijivu, si nyekundu kama kwenye picha nyingi. Kagua pia viwiko, magoti, na kucha zenye vishimo.

Mapunye huhitaji vidonge vya fangasi kama griseofulvin, kwa kawaida wiki 6 hadi 8. Kupaka tu hakutoshi. Soriasisi hulainishwa magamba kwa asidi ya salisiliki, kisha hupakwa dawa ya steroidi, inayotuliza uvimbe wa ngozi. Steroidi hiyo hiyo ikipakwa juu ya mapunye huyaficha huku yakisambaa. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote duka la dawa, omba magamba yakwanguliwe na kupimwa kwa hadubini.