Drumu za umeme za bei ya chini: mi nimejifunza kuangalia miguu kwanza

Mi nimekulia kwenye drumu za kawaida, zile za umeme nilikuwa naziona midoli tu, ila ukishahamia ghorofani ubishi unaisha wenyewe. Bajeti ya kuungaunga, nikaanza kusoma maelezo ya kila seti na kosa langu likawa kushangilia namba, sijui moduli, kile kisanduku kinachotoa milio, ina sauti mia nne, sijui ina nyimbo kibao za mazoezi, nikanunua. Mwaka mzima nimetumia sauti mbili, moja naipenda na nyingine nikiboreka.

Shida ilikuwa chini. Ile seti ya kwanza kiki yake, ile ngoma kubwa ya mguu, haikuwa na pedi ya kupigwa wala nyundo, ni pedali tu ya swichi, unakanyaga kama fundi cherehani, haikurudishii chochote mguuni. Af haihati, yale matoazi mawili ya kubana kwa mguu, inajua kufunga na kufungua basi, ile nusu nusu inayokwaruza haipo. Pedi zote raba, viganja vinauma. Siku nimerudi kwenye drumu za kweli mguu wa kulia umesahau kazi, nilichoka!

Nikaiuza, nikachukua nyingine ambayo sauti ni chache kuliko ile ya kwanza lakini snea (ngoma ya mbele yako) na tom (zile ngoma za pembeni) ni za wavu, unazikaza kwa ufunguo kama ngozi, na kiki imesimama kwenye mnara wake inapigwa na nyundo ya kweli. Wavu huu kampuni ya Roland walipoutoa na moduli yao ya TD-10 mwaka 1997 ulikuwa wa wenye hela zao, leo hata seti za kuanzia kama Alesis Nitro Mesh wanazo. Snea hakikisha ina kanda mbili, kati na ukingoni, la sivyo rimshoti, kupiga kati na ukingo kwa mpigo mmoja, usahau. Na sauti zikikuchosha unachomeka waya wa USB kwenye kompyuta unatumia za programu, ndo maana nasema ile mia nne isikutishe.

Siku za mwanzo nilikuwa nikipiga tom, toazi nalo linalia, nikadhani nimeuziwa mbovu kumbe ni mtikisiko unapita kwenye fremu, nikapunguza wepesi wa pedi ya toazi kuhisi mguso kwenye moduli ikatulia. Hedifoni tumia za waya, bluetooth inachelewesha, mkono unafika kabla ya mlio.

Halafu hili la "haina kelele" tusidanganyane. Juu ni tiki tiki tu, ila kiki inashuka sakafuni, jirani wa chini alikuja kuniuliza natwanga nini usiku. Kapeti halikusaidia. Nilichofanya nimekata mipira ya tenisi nusu nusu, nikaweka mbao juu yake na seti juu ya mbao, tangu hapo hajagonga tena.

Na uangalie boksi lina nini, langu lilikuja bila kigoda wala pedali ya kiki, nikaazima ya mtu. Hela ikipatikana moduli siigusi, nanunua pedali yangu.